Siku Niliyowapigia Yowe Wageni wa Kwaya

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Mimi niliishia darasa la saba, naandika polepole kama mtu anayechambua mchele, na herufi zangu nyingine zimelala wakati nyingine zimesimama. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni tu hivyo hivyo, maana nikianza kurekebisha nitaona aibu na kuacha kabisa, na mkasa wenyewe tayari ni wa aibu ya kutosha.

Jina langu ni Masanja, kwetu ni kijiji kimoja upande wa Didia. Mimi si msemaji. Mtu mzima akiniuliza jambo, kichwa changu kinaitikia chenyewe kabla sijafikiri, na ugonjwa huo wa kuitikia ndio ulioniponza.

Ilikuwa hivi. Mjomba Shija alipokea wageni, kwaya ya kutoka Geita, waje waimbe kanisani kwetu Jumapili. Mlezi wao alikuwa Mama Kulwa, mama mnene mwenye hoteli ya chakula huko Geita, wanakokula wachimbaji. Mjomba alininong'oneza kwamba huyo mama anatafuta kijana mtulivu na mwaminifu wa kufanya kazi hotelini. "Nimemtajia wewe," akasema. "Atakuangalia hizi siku mbili. Usiharibu." Nami kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote, kwa sababu mvua zilikuwa zimetukimbia miaka miwili na pamba ilikuwa fimbo tupu.

Jumamosi asubuhi wageni wakataka kutembea hadi kwenye magofu ya ikulu ya mtemi wa zamani, zile kuta za mawe zilizo juu ya kilima, ng'ambo ya pori. Mjomba ndiye angewaongoza, lakini ng'ombe wake akashikwa na uchungu na ndama akakwama. Mama Kulwa akanigeukia.

"Kijana, wewe unapajua?"

Kichwa kikaitikia. (Nilikuwa napajua kwa macho. Ukichunga upande wetu unaziona zile kuta kila siku. Kufika sikuwahi.)

Basi nikatangulia na katambuga zangu za tairi, nyuma yangu watu kumi na kitu wamebeba ndoo ya maandazi. Njia nilizozijua zilikuwa njia za ng'ombe, nikazifuata, tukapita katikati ya ngitili, yale malisho yetu tunayoyafunga ili nyasi zibaki za kiangazi, tukaingia kwenye vichaka vya migunga, tukainama, tukachomwa, tukatokea. Sasa, njia ya ng'ombe haina haja na ikulu ya mtemi. Njia ya ng'ombe inakwenda majini. Tukatokea lamboni, kwenye matope.

"Masanja," Mama Kulwa akasema huku anajipepea na kitabu cha nyimbo, "umetuleta kunywa?"

Kichwa kikaitikia tena. Binti mmoja wa sauti ya kwanza, anaitwa Neema, alicheka mpaka akashika mti, na mti wenyewe ulikuwa mgunga, akaacha kucheka.

Nikawarudisha, tukashika kilima moja kwa moja, na kweli tukafika. Pale kwenye uwazi wa ukuta nikakumbuka maneno ya bibi yangu, kwamba ikulu ya mtemi haiingiwi na viatu. Nikajikaza, nikasema kwa sauti, "Tuvue viatu." Ndiyo sentensi pekee niliyotoa njia nzima na wote wakatii, Mama Kulwa akaniangalia kwa heshima, nami nikajiona tayari nimesimama Geita nimevaa aproni.

Ndani palikuwa pazuri. Mawe yamepangwa bila udongo, mikuyu imeota katikati na kuyakumbatia. Wakapiga picha, wakaimba, wakamaliza maandazi, wakazunguka kona hii na ile. Nami nikawaongoza kutoka.

Nje hapakuwa na viatu. Hata kandambili moja.

"Viatu vyangu vipya!" Neema akapiga kelele. "Tumeibiwa!"

Mama Kulwa alinitazama tu. Nikaona kazi inaondoka na mimi nimesimama. Nikaamua nifanye kitu cha kiume. Nikapanda juu ya jiwe, nikaweka viganja mdomoni, nikapiga mwano.

Mwano ni yowe letu la hatari, na kwa wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Ukilisikia huna ruhusa ya kuuliza. Anayelima anaacha jembe, anayekunywa uji anaacha uji, anabeba rungu au upinde na kukimbia, huku naye akilirusha kwa kijiji kinachofuata. Mazungumzo yananishinda, lakini koo nimelizoesha kwa kuita ng'ombe. Nililipiga mpaka sauti ikakauka. Likajibiwa kutoka bondeni, kisha kutoka upande wa Didia, kisha filimbi zikaanza pande zote, na hapo nikajua nimeharibu, kwa sababu yowe halirudishwi mdomoni.

Kwaya nayo haikusubiri. Waliteremka kilima kuwafuata wezi, pekupeku, moja kwa moja hadi ngitili, na ngitili mwezi ule ilikuwa na mbigiri kuliko nyasi. Kwa hiyo sungusungu, walinzi wa vijiji vyetu, walipotokea, kamanda wao Mzee Maduhu akiwa mbele, walichokiona ni wageni wasiojulikana, bila viatu, wanarukaruka kwenye malisho ya kijiji kama panzi.

"Kaeni chini wote!"

"Nikae wapi, baba?" Mama Kulwa akajibu. "Hapa ni mbigiri tupu!"

"Mama, viatu viko wapi?"

"Vimeibiwa!"

"Hao ndio wajanja," Mzee Maduhu akawaambia watu wake. "Wanatembea pekupeku ili tusipate nyayo za viatu."

"Mzee, shikamoo, sisi ni kwaya," Neema akasema.

"Marahaba. Kaa chini."

Nikafika mbio. Nikafungua mdomo kueleza, ukatoka upepo. Sauti yote nilikuwa nimeiacha kule juu ya jiwe. Mzee Maduhu akanishika bega, macho yake mekundu kwa mbio.

"Masanja, ni wewe uliyepiga mwano? Ndio hawa waliokuibia?"

Jamani. Mtu mzima ameniuliza. Kichwa kikaitikia.

Sijawahi kuona mama anageuka rangi vile. "Masanja!" akasema taratibu, tayari ameketishwa juu ya ndoo ya maandazi, mikono kichwani. Nikaanza kutikisa kichwa kukataa, nikapunga mikono, nikapiga magoti. Watu wakasema nimepagawa na mizimu ya mtemi.

Tuliokolewa na wanaume wa kijiji cha nyuma ya kilima. Walikuja wamezunguka, na mmoja alikuwa amevitundika viatu vyote kwenye fimbo begani, na katambuga zangu zikining'inia mwisho.

"Kamanda, wezi hatukuwaona. Lakini upande ule ukutani tumekuta viatu vimepangwa vizuri, kama mlangoni pa msikiti."

Kumbe zile kuta zina mianya miwili, nasi tuliingia kwa huu tukatokea kwa ule. Watu wa vijiji vitatu wakageuka kunitazama. Kisha mtu mmoja akacheka, na pori zima likapokea.

Mzee Maduhu hakucheka. "Mwano hauchezewi," akasema. "Mbuzi mmoja. Leo hii." Nilikuwa na mbuzi mmoja tu duniani, jike, zawadi ya bibi. Alichinjwa jioni ile ile uwanjani kwa mjomba, waliokuja na marungu wakala, na wageni wakala nao.

Mimi sikuweza kumtazama mtu. Nilijificha kwenye kazi: nikapasua kuni, nikachota maji, nikakatakata nyama, nikawasha moto. Mama Kulwa akaja akichechemea, akamnyang'anya shangazi mwiko, tukapika pamoja. Sufuria ya mwisho ilipoepuliwa akanitazama.

"Moto wako hauna moshi," akasema. "Na hujapumzika tangu tumerudi. Jumatatu utapanda gari na sisi."

Nikaitikia.

"Usiitikie. Sema."

"Ndiyo, mama," nikasema, kwa ile sauti ya chura niliyobaki nayo.

"Na hotelini kwangu, kijiko kikipotea, usiite mtu. Niite mimi. Polepole."

Sasa nina miezi kadhaa hapa Geita. Wachimbaji wamekwishasikia habari yote (Neema hana siri), wakitaka chai wanaita, "Mwano, leta mbili!" Najifunza kusema "sijui." Ni neno fupi lakini linachubua koo. Bibi namtumia salamu, bado sijampata mbuzi wa kumrudishia, na nimeapa sitaitikia tena kitu nisichokijua.

Nimechoka mkono. Nanyi mliowahi kuumbuka mbele za watu, niandikieni mnisimulie, hata kama mwandiko wenu ni kama wangu, maana nimechoka kuchekwa peke yangu.