Uzi Usiokauka

Kwa baridi ya Julai, sufu ya kondoo haikauki katika maghorofa yaliyobanana ya mtaa wa Pipeline. Jua ni la wapangaji wa ghorofa za juu. Sisi wa chini hupata matone ya nguo zao. Mamangu alilijua hilo, lakini mkaidi ni mkaidi. Shangazi alikuwa amemtumia sufu kutoka kwao Kinangop, naye akaiosha, akaisokota, akaosha na uzi wenyewe, kisha akautundika juu ya kitanda. Chumba kizima kilinuka zizi. Nilipolalamika alinijibu kwamba uzi wa dukani hauna joto, ila mimi nimezoea plastiki.

Adhuhuri moja nilikuwa kibandani kwangu nje ya geti, nikikata sukuma wiki, jirani wa juu yetu akateremka amefura. Mwanamke huyo, ambaye humwita mamangu shosho, yaani bibi, hashuki bila ugomvi.

"Mama, ambia shosho awachane na hiyo maneno! Kwangu kunanuka ni kama mtu anachoma kichwa ya mbuzi!"

Nikacheka, kisha kicheko kikanikatika: sufu ikiungua hunuka vivyo hivyo. Asubuhi mama alikuwa amewasha jiko la makaa koridoni ili akaushe uzi, nami nikamkataza kuliingiza ndani.

"Makaa yakishaiva hayana moshi," alinijibu. "Na huo moshi wenyewe umenilea."

Kijijini kwao walipikia kwenye kibanda cha nyasi, upepo ukipita utakavyo. Hapa ni simiti na dirisha moja.

Niliacha kisu juu ya mboga nikakimbia. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Niliita, kimya. Chini ya mlango niliona matambara yamesokomezwa kuzuia baridi. Nilijua nimechelewa. Jirani alinisukuma kando, akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Uzi mmoja ulikuwa umeangukia jiko, ukiungua polepole. Mama alikuwa ameegemea ukuta, sindano za kufumia mkononi, sweta nusu mapajani. Tukamburura hadi koridoni, kichwa chake kikilegea huku na huku. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Niliweka shavu mdomoni pake, sikuhisi chochote; jirani akanisogeza, akaweka lake.

"Anapumua," jirani akasema. "Tulia basi. Anapumua."

Hospitalini walimwekea hewa ya mtungi mpaka jioni. Sweta ile mama aliimaliza akampa jirani, naye huivaa kila asubuhi huku akilalamika kwamba inanuka kondoo.

Jiko nimelitoa kabisa, lakini hofu imegoma kutoka. Kila nikirudi kutoka kibandani husimama mlangoni kwanza, nisikie sindano zake zikigongana. Juzi sikusikia kitu. Niliugonga mlango kwa mikono miwili mpaka majirani wakatoka.

Mama akafungua, miwani puani, amekunja uso.

"Nilikuwa nahesabu vitanzi vya uzi. Sasa umenipotezea hesabu."

Nilimkumbatia pamoja na sindano zake, nikamwomba kuanzia siku hiyo ahesabu kwa sauti.