Injini Mgongoni, Jembe Machoni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi riziki yangu imetoka kwenye kutembeza. Nanunua mashine zilizochoka, nazipaka girisi, naziongezea maneno kidogo, nauza. Kwa hiyo ukinisikia namshukuru mtu, ujue nimeshamzunguka pande zote kama injini ninayotaka kuinunua, nikakosa kasoro.

Mtu mwenyewe ni shangazi yangu, dada wa baba, fundi cherehani. Nyumba yake ni ya vyumba viwili. Cherehani iko dirishani, na ukutani zimening'inia ruwaza za nguo alizokata kwenye mifuko ya saruji, kola juu ya kola. Nyuma ya nyumba kuna shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, dogo, lakini ardhi yake laini kama unga. Nguo za dukani zilipojaa sokoni na wateja wakapungua, alihamia kwenye karoti. Karoti zikamweka mjini bila kuhama shambani, kama anavyosema mwenyewe.

Kisha magoti yakamgeuka. Na karoti changa haipaliliwi kwa kusimama. Miche yake ni kama nyuzi, magugu yake ni kama mashemeji: hayakualikwa na hayaondoki. Msimu mmoja magugu yalizifunika zote.

Mwanawe wa kwanza, muuza magodoro, alikuja mbio.

"Mama, chumba kipo kwangu. Godoro utachagua mwenyewe."

"Na shamba?"

"Tutalikodisha."

"Na mimi mtanikodisha kwa nani?"

Binamu yangu alicheka, ila hakulegea. Wakakubaliana hivi: apande mara moja tena. Magugu yakishinda, gari linakuja kubeba cherehani na mwenye cherehani. Shangazi alikubali. Lakini nilimwona anavyoangalia dirisha lile. Mtu aliyejitegemea tangu ujane, ukimpa chumba cha uani na godoro jipya, umemnyang'anya kila kitu kwa heshima.

Akaniita. "Mwanangu, nitafutie kitu kinachopalilia bila magoti."

Nilikijua kimoja. Mfyatua matofali mmoja, tukimwita Tofali, alikuwa na trekta dogo la kizamani. Injini yake ilikuwa nyuma ya kiti, na mbele mabomba mawili ya chuma yamenyooka mpaka kwenye vigurudumu vyembamba, kama miguu ya panzi. Watu walilibandika jina Mbeleko, maana limebeba injini mgongoni kama mtoto. Tofali alililalamikia kila mahali, na kitu kinacholalamikiwa na mwenyewe ndicho ninachokipenda.

Njiani nikamuonya shangazi, "Tukifika, usisifu kitu."

"Nani alikufundisha hayo?"

Alinifundisha yeye mwenyewe. Utotoni nilimbebea mzigo sokoni, nikamtazama akiminya kitambaa, akikunja pua, akiondoka taratibu hadi muuzaji amwite. Biashara yangu yote imekatwa kwenye ruwaza hiyo.

Mbeleko tulilikuta bandani, kuku wamelala juu ya kiti.

"Chuma halisi hiki," alisema Tofali. "Siku hizi hawatengenezi."

"Ndiyo maana kuku wamehamia?" nikamuuliza.

"Kuku wangu wanajua kitu kizuri."

Aliliwasha. Likakohoa, likatema moshi, likanguruma vizuri tu. Nikakunja uso kama mtu aliyesikia msiba. "Na palizi je?"

Hapo alikuwa mkweli. "Palizi sikudanganyi, kijana. Majembe nimeyafunga nyuma kama matrekta yote. Ukigeuka kutazama, unaona injini na moshi. Ukirudi mbele, nyuma kumeshaharibika. Nililima magugu na vitunguu kwa haki sawa."

Wakati nacheka, shangazi alikuwa ameshika bega langu, ameinama kuchungulia chini ya yale mabomba. Akapitisha kidole gumba kwenye chuma, polepole, kama anayetafuta mshono.

"Hapa pamefumuliwa," alisema.

Nikamkanyaga mguu. Akauondoa mguu wake, akaendelea kupapasa. Nami nikaona. Ukiufumua mfuko uliokuwa juu ya shati, kitambaa cha chini kinabaki na rangi yake ya mwanzo, na matundu ya sindano hayafutiki. Chini ya tumbo la trekta, mbele kidogo ya miguu ya dereva, rangi ilikuwa bado inang'aa, na pembeni kulikuwa na matundu ya nati. Majembe yalikuwa yakikaa pale. Kuna mtu aliyafungua, asijue yanarudi wapi, au aliona aibu kufanya tofauti na wenzake.

"Umesemaje, mama?" Tofali akauliza.

"Magoti," nilijibu mimi. "Analalamikia magoti."

Tukavutana bei. Kila alipopandisha, nilimrudishia maneno yake mwenyewe kuhusu haki sawa, mpaka akachoka. Tukapeana mikono. Moyoni nikasema, chukua mali uondoke.

Shangazi akanyoosha mkono. "Sasa nipeni spana."

"Shangazi, nyumbani..."

"Nipe spana, mwanangu."

Ikabidi nilale chini na kuhamisha majembe palepale mbele ya Tofali. Nyuma ya tanuri kulikuwa na vitunguu vyake vilivyobaki, vimezama kwenye majani. Shangazi akapanda kwa shida, akasema, "Sindano ya cherehani iko mbele ya macho. Ingewekwa mgongoni, leo tungevaa nini?" Akaliingiza gia. Akaenda taratibu, macho chini, majembe yakipita mbele ya miguu yake katikati ya mistari. Magugu yakapinduka. Vitunguu vikabaki vimesimama.

Tofali alishika kichwa. "Mmenila!"

"Hukuliwa, mzee," nikamwambia. "Umeuza bila kutazama. Na mkono ukishatolewa, umetolewa."

"Rudisha trekta langu!"

Nilikuwa najiandaa kwa ugomvi, shangazi akaita kutoka kwenye kiti, "Ndugu yangu, vitunguu hivi nitakupalilia mpaka uvune. Bure. Ukiridhika, waambie wenzako. Wao watalipa."

Tofali akatazama mstari ule safi, akanitazama mimi, akautazama tena mstari. "Na matofali yangu nani atavuta?"

"Si una punda?"

"Punda wangu mvivu."

"Basi mmefanana," alisema shangazi, na mzee akacheka mpaka akakaa juu ya matofali yake. Ugomvi ukaishia hapo.

Barabarani sikuvumilia. "Umelinunua, halafu unamfanyia kazi bure?"

"Fundi mpya," akanijibu, "nguo ya kwanza anamshonea mtu mwenye mdomo."

Na Tofali alikuwa na mdomo. Kabla karoti za shangazi hazijashikana majani, wenye bustani walikuwa wanakuja dirishani kwake, si kwa kushona, bali kuomba zamu ya Mbeleko. Mimi nami wakaanza kuniagiza matrekta ya aina ile. Nimeyatoa kwenye mabanda ya watu wengi, na kila mara nainama kwanza kutafuta palipofumuliwa. Dalali mwenzangu aliniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, kwa fundi cherehani. Akadhani namtania.

Msimu ulipoisha, binamu yangu alikuja na gari kama walivyokubaliana. Alisimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni. Mistari ilikuwa imenyooka kama pindo.

"Vizuri umekuja," mama yake akamwambia. "Nilikuwa natafuta gari la kupeleka sokoni. Shika gunia."

"Na chumba, mama?"

"Weka magodoro."

Akashika gunia. Mimi nikamuuliza shangazi kuhusu haki yangu ya udalali, maana undugu ni undugu na kazi ni kazi. Akanipa kikapu cha karoti zilizopinda.

"Zilizonyooka ni za wateja," alisema.

Sikubishana bei. Nilizila zote, na zilikuwa tamu.