Jua juu ya kaburi la mama Apio

Leo nimeweka jua juu ya kaburi la mtu.

Ngojeni, msinitukane kwanza.

Nilikuwa nafundisha watoto sayari nyumbani kwa mwanafunzi wangu Apio, huku kijijini Kwapa. Kuna programu ya simu: ukielekeza kamera chini, unaona kwenye kioo jua na sayari zikizunguka hapo hapo uani. Lakini inataka mahali tambarare, na ua wote ni nyasi na mashimo ya kuku.

"Mwalimu, hapa kwa mama ni sawa," Apio akasema.

Kaburi la saruji. Hapo ndipo wanaanika mihogo. Tukaisogeza.

Watoto wanazunguka kaburi, wanapiga kelele, mara baba yake huyo anarudi kutoka soko la Busia.



Nikaanza kujitetea. Wala hakunisikiliza. Akachukua simu, akaielekeza kaburini, akatazama weee.

"Mwalimu, hii simu naonyesha vitu haiko hapa, siyo?"

"Ndiyo, baba Apio."

"Sasa mama Apio, hii simu naweza kumwonyesha?"

Nilichukua simu, nikaizima. Nikamsaidia kurudisha mihogo.

Nyinyi mngemjibu nini?