Manase Alipoacha Kutangaza

Kwa miaka mingi, mtu wa vijiji vya juu ya Kikatiti akitaka kujua serikali inasema nini, hakununua gazeti. Alisubiri Jumapili ibada iishe, mnada wa sadaka umalizike pale nje, ndizi na mayai na kuku vipate wenyewe, kisha Manase Nnko apande ngazi za kanisa na kipaza sauti chake. Hapo ndipo mambo ya kijiji yaliposomwa: mkutano mkuu ni lini, mapato na matumizi yamekwendaje, nani kakata miti kwenye chanzo cha maji. Alisoma kwa Kiswahili, akarudia kwa Kimeru, na bibi akiuliza swali la ovyo alijibiwa bila kuchekwa. Hakuwa mwenyekiti wala mtendaji. Alikuwa na sauti tu, na watu walimwamini.

Basi akaitwa semina mjini Arusha: uwazi, takwimu huria, ushirikishwaji wa wananchi, na sambusa juu yake. Alirudi kichwa kimejaa. Akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Kijiji Wazi, na kila karatasi ya ofisi ya kijiji akaipiga picha na kuitupia humo, bajeti, mihtasari, hata ramani ya mabomba. Tuseme ukweli, lilikuwa jambo zuri. Vijana walioko Dar walihoji matumizi mpaka mtendaji akatokwa jasho. Redio moja ya mjini ikamhoji Manase, na tangu siku hiyo akawa anatembea kifua mbele. Kipaza sauti akawaachia wanakwaya. Cha nini tena, wakati kila nyumba imo kwenye kundi?

Hapo ndipo alipokosea. Ukoo ukiwa na mtu mmoja mwenye simu janja, Manase aliuhesabu wote umepata habari. Nyumba ya mama yake mkubwa, Aikande, mjane wa kitongoji cha chini, iliwakilishwa na mwanawe Stanley, mwenye duka mjini.

Mwaka jana zikaja fedha za kujenga kituo kimoja cha kuchotea maji. Kijengwe juu, karibu na barabara, au chini, ambako akina mama huteremka korongoni hadi kwenye mfereji, na mvua ikinyesha njia huteleza kama imepakwa sabuni? Manase alitangaza mkutano kwenye kundi, akaomba na maoni. Madole gumba yakamiminika kuunga mkono barabarani. Stanley naye, ambaye ana kiwanja huko huko, akaweka lake.

Siku ya mkutano, watu wa chini hawakufika. Mwenyekiti alitazama mabenchi matupu, akasema asiyekuwepo na lake halipo, mikono ikanyooshwa, kazi ikaisha. Manase aliyaona yale mabenchi. Alidhani wameridhika.

Mabomba yalikuwa yameshafukiwa alipomkuta Aikande akipanda kutoka korongoni, ndoo kichwani, mkono mmoja umeshika majani ya kando ya njia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Kumbe maji yamekwenda juu."

"Tulitangaza, mama. Kwenye kundi. Stanley alikuwemo."

"Stanley hachoti maji." Alitua ndoo, akavuta pumzi. "Sisi tulikuwa tunakusubiri wewe. Kila Jumapili mnada ukiisha tunasimama pale pale. Tukikuona unapita kimya, tunaambiana wiki hii hakuna jambo. Lingekuwepo, Manase angetuambia."

Maneno yale yalimchoma. Alikwenda ofisini kuomba mkutano urudiwe, akaambiwa muhtasari umeshasainiwa, asubiri fedha nyingine, na hakuna aliyejua zingekuja lini. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimkalia Manase mabegani usiku na mchana. Angalau angekuwepo mwizi, angemlaani. Hapakuwa na mwizi.

Akafanya alichokiweza. Aliuza mbuzi, akanunua simu janja mpya, akampelekea Aikande nyumbani.

"Hii ni yako, mama mkubwa. Nimeshakuingiza kwenye kundi. Safari nyingine hupitwi na kitu."

Aikande aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza huku na huku, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akashukuru sana. Kisha akamrudishia.

"Mwanangu, mimi sikusoma. Wewe ndiye uliyekuwa unanisomea."