Wamemfuta Faraji

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kila nikinusa rangi ya mafuta, na jana pale Iyunga, hapa Mbeya, ulinirudisha kwenye siku hiyo kwa hasira, mwanangu Tito. Sikukugombeza mbele ya watu kwa sababu wewe ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na mimi ndiye baba yako mkubwa. Leo tuko wawili tu. Weka brashi chini unisikilize.

Unajua nilikuwa fundi rangi jeshini. Kazi yetu ilikuwa kukwangua rangi kuukuu kwenye ndege, kupaka mpya, na kuandika namba. Mkuu wetu aliitwa Sajini Kapugi, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Faraji, kijana wa Mbeya mjini, wa familia ya Waislamu wauza vitambaa. Yeye alikuwa fundi injini na alisafiri na ndege. Hakuna siku niliyomwona amenuna, hata tukinyimwa likizo.

Tulikuwa na ndege za mizigo aina ya Caribou. Wakanada ndio waliozitengeneza, wakazipa jina la mnyama wao wa huko kwenye theluji. Ndege nene, mabawa juu, mkia umesimama mrefu kama ukuta wa banda. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza kuipaka moja, mkia bado haujaandikwa kitu. Faraji ndiyo kwanza alikuwa ameoa, kichwa hakikuwa chake. Akachukua brashi, akaandika pale pa namba, kwa herufi za madaha kama hizi mnazoandika nyinyi kwenye mabasi: ZUHURA. Ndilo jina la mkewe. Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Sajini Kapugi akaingia. Alisimama akautazama ule mkia, uso umemwiva.

"Mnacheka nini? Caribou ni jina la ukoo. Zote hizi hapa Caribou. Hii namba ndo jina lake yenyewe! Kwetu mtu akizikwa, kabla udongo haujaingia, anasimama mtu anasoma wasifu. Huyu ni fulani, mtoto wa fulani, kazaliwa kijiji fulani. Sasa hii ikidondoka huko milimani, watu watasoma nini? Watasoma Zuhura? Zuhura si yuko nyumbani kwake anapika?"

Faraji alilifuta lile jina mwenyewe kwa tambara, kisha akanishikia ile karatasi ngumu iliyokatwa matundu ya tarakimu, stensili, mimi nikapiga rangi nyeusi. Namba iliishia na sita na mbili. Alinitania kwamba sita yangu ina kitambi, na ni kweli ilikuwa nacho kidogo.

Masika yaliyofuata, Caribou mbili ziliruka siku moja kuja huku kusini, Faraji akiwa ndani ya ile yetu ya sita na mbili. Zimefanana kama mapacha. Ukungu ukashuka kwenye milima ya Uporoto, zote mbili zikapotea, redio kimya. Baadaye tukapata habari kwamba moja imeanguka na nyingine imetua salama kwenye uwanja mmoja wa mbali, lakini ni ipi iliyoanguka, hakuna aliyejua. Nilipewa ruhusa nije Mbeya nikakae na familia ya rafiki yangu. Mwanangu, sijaona mateso kama yale. Wanawake walikuja na mikeka yao, wakabaki wameikumbatia mlangoni, hawajui kama wakae chini waomboleze au waondoke. Zuhura alikaa katikati yao, si mjane wala si mke, anamwangalia kila anayeingia.

Wanakijiji wa mlimani ndio waliofika kwenye mabaki. Moto haukuwa umebakiza cha kuzika. Ulibaki mkia peke yake, na kwenye mkia ile namba. Wakainakili, wakamtuma mtu mjini nayo. Sita na mbili. Zuhura akaingia eda siku hiyohiyo. Na mke mwingine, wa ile ndege ya pili, akaweza kulala usingizi. Nililia kwa uchungu, na nilimshukuru Sajini Kapugi kwa ukali wake, na namshukuru mpaka leo.

Ule mkia wanakijiji waliufanya ukuta wa banda la ng'ombe, namba imetazama njia. Zuhura alikuwa anapanda huko kila mwaka, anasimama mbele yake anamsomea mumewe Fatiha. Ng'ombe wanamtazama, naye anasoma. Faraji hana kaburi lingine.

Sasa njoo kwako. Huyu bwana mwenye hoteli pale Iyunga akaununua mkia, akausimamisha kwenye bustani yake, katikati ya meza za bia. Hilo nililimeza kwa shida. Zuhura mwenyewe alinituliza. Akasema magoti yake yamechoka kupanda mlima, angalau sasa Faraji amesogea karibu, na namba ipo. Kisha wiki hii akanipigia simu kule kwangu Kihesa. Akasema: "Shemeji, wamemfuta."

Nilipanda basi la kwanza. Nimefika pale nakuta nini? Wewe, damu yangu, uko juu ya ngazi! Umeupaka mkia mzima rangi nyeupe ya chini, umeuchorea yale maduara, alama ya ndege za vita za Waingereza, umeandika SPITFIRE, umeuwekea na meno ya papa. Kwenye mkia! Papa gani ana meno mkiani, Tito? Na Spitfire ni ndege ndogo ya mapigano ya mtu mmoja, ingeweza kujibanza chini ya bawa la Caribou. Halafu ukabuni na namba, umeitoa wapi sijui, ukaiandika kwa mwandiko wa bajaji.

Na yule bwana akanijibu bila haya: "Mzee, wateja wanataka ndege ya vita. Hii ya mizigo nani ataipiga picha?"

Wewe ukaongezea: "Baba mkubwa, boss ndo kasema."

Boss ndo kasema! Lakini uliona kilichofuata, maana nilikuangalia. Zuhura alikuja taratibu na mkongojo wake, akapita kati ya zile meza, akaweka kidole juu ya weupe wako. Rangi yangu ya zamani ilikuwa nzito, chini ya yako bado imevimba. Akaifuata kwa kidole. Akaipata sita, na kitambi chake. Akaipata mbili. Akaweka kiganja hapo, akasoma Fatiha yake, na wewe ukashuka kwenye ngazi bila kuambiwa.

Kwa hiyo nakwambia neno, mwanangu, ulishike. Kabla hujafuta kitu kilichoandikwa na mwenzako, uliza kimeandikwa kwa ajili ya nani. Usimpe marehemu jina la mwingine kwa sababu la mwingine linapendeza kwenye picha. Akikuamuru tajiri, muulize na yeye. Akikosa jibu, mkono wako ni wako, uuzuie.

Nimekata stensili asubuhi hii, kwa karatasi ngumu ya kiwanda cha Mgololo, ile sita nimeiachia kitambi chake. Kesho tutakwangua meno yako ya papa, kisha utanishikia stensili nami nitapiga rangi, kama Faraji alivyonishikia. Yule bwana niachie mimi. Nimeshamwambia asipokubali, mimi na Zuhura tutakaa meza yake ya mbele kila siku, tukinywa maji tuliyokuja nayo, na kila mteja tutamsimulia.

Mungu akuzidishie kazi na aitulize mikono yako, mwanangu. Na siku yako ikifika, uzeeni sana, akuandalie mtu wa kusimama asome jina lako, lako wewe, bila kulikosea.