Nafasi ya Mtu Nyuma ya Mashine

Siku ile bado naiona, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa msichana, nimetoka kujifunza uchoraji wa mitambo, na mimi na kaka yangu Gwasa tulifanya kazi katika karakana moja hapa Kasulu. Kompyuta ilikuwa moja tu, na aliyeimudu hasa ni Gwasa. Nilikaa pembeni nikimtazama, nikiona fahari kana kwamba mchoro ni wangu.

Alikuwa anachora mashine ya kukata mihogo ya kikundi cha kina mama wa Heru Juu. Mama yetu, tuliyezoea kumwita Mawe kwa Kiha, alikuwa mmoja wao. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na chuma cha kusukuma mihogo kwenye visu. Kikirudi nyuma kilitokeza nje ya mashine, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima. Gwasa alikichora kikiwa mbele, kimejificha ndani, akaandika vipimo vyote, hata unene wa bati. Mchoro ulipendeza.

Mzee Ntahondi, fundi wetu mkuu, akauinamia.

"Hiki chuma kikirudi kinafika wapi?"

"Kinatoka nje, mzee. Nimekitembeza kwenye kompyuta, hakigusi kitu."

"Hakigusi chuma kingine. Mtu anasimama wapi?"

"Mtu hayumo kwenye mchoro, mzee."

"Basi hapo ndipo ulipokosea. Chora na pale kinapofika kikirudi, kwa mistari ya kukatika, kisha andika nafasi iliyobaki hadi ukuta wa banda."

Gwasa alikubali, tena bila kinyongo. Lakini mwenye karakana alikuwa ameshawapelekea mchoro wa kwanza waashi waliokuwa wakijenga banda la mashine. Gwasa akachora upya, akampa, akamsihi aupeleke. Bwana yule hakuupeleka. Ukuta ukajengwa kwa vipimo vya mashine iliyolala.

Siku ya kuiwasha, Gwasa ndiye aliyepewa heshima. Akauliza, "Ukuta ulisogezwa?" Mwenye karakana akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa mlangoni napiga vigelegele. Hakuna aliyemwona Mawe akipita nyuma kuokota maganda. Gwasa akavuta kamba ya injini, na tukasikia "Yooo!" moja tu, fupi. Chuma kilikuwa kimerudi nyuma kikambana mkono ukutani.

Hospitalini walimkata mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Alipozinduka alisema, "Mwiteni Gwasa. Mkono umekwenda, yeye asiende."

Nilitoka nje kumwita. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, amesikia yote. "Siwezi kuingia, dada," akaniambia. Asubuhi alipanda basi la Kigoma, na hadi leo hajarudi.

Mawe alijifunza kumenya kwa mkono mmoja, muhogo ameubana kwa magoti. Kulima hakuweza tena. Kila basi lilipoingia aliniuliza, nami nilichoka kumjibu, mpaka tukamzika bila mwanawe wa kwanza. Ukuta ulibomolewa, mashine ikaendelea kukata mihogo ya watu. Hilo halijawahi kunifariji. Nimemtafuta Gwasa, na kila niliyeambiwa ni yeye alikuwa mtu mwingine.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe mwanafunzi unayechora leo. Kitu kinachotembea usikipime kilipolala. Pima pote kinapofika, kiende kirudi, kisha weka nafasi ya mtu kupita na mzigo wake, na uiandike kwa tarakimu, usimwachie mwashi akisie. Mchoro ukitoka mezani kwako, ufuate. Usiridhike mtu akikutikisia kichwa. Kaingie nyuma ya mashine wewe mwenyewe, kabla haijawashwa. Siwezi kukuahidi kwamba ukifanya haya hakuna atakayeumia. Sina ahadi hiyo.

Mungu akulinde, alinde na wazazi wako. Na siku mkono wako utakapomuumiza umpendaye, akupe nguvu ya kuingia wodini na kukaa kitandani pake.