Jina Lililotangulia Simu Yake

Mzee alikuwa amestaafu kazi ya mochwari, sasa anauza miche ya matunda nyuma ya nyumba. Miche ilistawi, ila akiwapigia wateja wapya, simu iliita weee mpaka ikakata. Siku moja mama aliyeagiza mipapai akapokea.

"Niambie tu, baba. Ni nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Ni mimi wa miche. Mipapai yako iko tayari."

Mama akashusha pumzi. "Simu imeandika 'Mzee Mochwari'. Nilidhani nimefiwa."

Mzee akaduwaa. Hakuwahi kuonana na yule mama. Jina hilo kalitoa wapi? Jioni akamweleza bintiye, fundi simu, aliyekuja kumjulia hali.

"Kuna programu ya kumtambua anayepiga," binti akasema. "Ukiiweka, inakuomba ruhusa, unakubali bila kusoma, nayo inabeba majina yote uliyohifadhi. Waliokuandika 'Mochwari' ni wengi, baba. Basi hata asiyekujua anaonyeshwa jina walilokupa wao."

"Na mimi sikuulizwa?"

"Hukuulizwa. Lakini tunaweza kuomba namba yako ifutwe."

Akajaza ombi kwenye tovuti ya programu hiyo. Kisha akaishika simu ya babake, akaipekua.

"Hata wewe unayo. Nilikuwekea mwenyewe mwaka juzi, matapeli walipokusumbua. Nisamehe, baba."

Mzee akavaa miwani, akafungua orodha yake. Enzi za kazi aliwaandika watu ili asiwachanganye: "Mama Kichanga Jumanne." "Mjane Ajali ya Lori." "Baba Hataki Ndugu Wajue." Siri aliyonong'onezwa mlangoni pa mochwari, kaikabidhi kwa watu asiowajua.

"Mimi nalalamikia jina la kazi yangu," akasema polepole, "kumbe wenzangu nimewaanika juani."

Binti akaiondoa ile programu. "Yaliyokwenda ni maji yaliyomwagika. Ila wenyewe wakiomba, yatafutwa."

Mzee hakutaka kuwapigia, asije akawashtua. Akaandika ujumbe mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, akieleza kosa lake na namna ya kuomba kufutwa. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu.

Wengi hawakujibu. Yule baba asiyetaka ndugu wajue alijibu: "Nimeshaomba wafute. Ningelisikia kwa mtu mwingine, nisingelikusamehe. Ubaki salama, mzee wangu."

Mzee akausoma mara mbili, akamwonyesha bintiye.